Saa Kumi Mkekani

28 Aprili, Jumatatu
Bwana shamba ametugawia madaftari, kila mkulima moja, tuandike tarehe: umepanda lini, mpunga umechanua lini, ndege wameanza lini. Wenzangu wameshawapa watoto wao wa shule. Mie nimelishika langu, kwa sababu mwaka huu nataka kila kitu kiwe kimeandikwa, asije mtu kuniambia nililala.

Basi naandika. Jina Zuena, umri miaka thelathini na sita. Niliachika Kiongoroni nikarudi kwetu Mtunda na begi moja. Tangu jana nimehamia bondeni, kwenye dungu, hiki kibanda chetu cha juu ya nguzo tunachokaa msimu mzima kuamia, yaani kufukuza ndege, mpaka mpunga ukomae. Mpunga umeanza kuchanua leo. Ndege bado.

Shamba ni la marehemu baba. Kaka yangu Twalibu, anayekaa Kibiti mjini na duka lake la vipuri vya pikipiki, analiita shamba la nyumbani. Nikimuuliza nyumbani kwa nani, ananijibu tutaona baada ya mavuno. Mwaka jana ndege walinimaliza, nikatoka na viroba viwili vya aibu. Juzi kanipigia simu. "Zuena, na mwaka huu ukikosa, nampa shemeji Bushiri alime. Shamba haliwezi kukaa linafuga ndege." Bushiri ni kaka wa mkewe. Nikamjibu sawa kaka. Sawa yangu ile haikuwa sawa hata kidogo.

29 Aprili
Mvua. Ndege bado.

2 Mei, Ijumaa
Wamekuja. Kweleakwelea, kundi zima, wametoka kwenye matete. Shamba langu ndilo la mwisho, limepakana na hayo matete wanakolala, kwa hiyo wakiamka na njaa mie ndiye wa kwanza kuwaona.

Humu bondeni tuna utaratibu wetu: kelele zipigwe kwa pamoja. Madungu yetu ni manne kwa mstari. Langu, la Bi Semeni, la Babu Dadi, na la Muzdalifa. Ndege wakisikia watu wanne wanapiga madebe na kupayuka, wanapita juu kwa juu wanakwenda zao ng'ambo ya mto. Wenzangu watatu wakinyamaza, wanatua kwangu, hata nikipasuka koo peke yangu.

Asubuhi tulikwenda vizuri. Ilipofika saa kumi jioni, saa yao ya pili ya kula, nikapiga debe langu nikatega sikio. Kimya. Nikapiga tena. Kimya, ila sauti ya redio. Bi Semeni kaitundika redio yake kwenye nguzo, kaifungulia mpaka mwisho, na wengine wote wamekaa wanamsikiliza mtu anaitwa Nassibu.

Kipindi kinaitwa Mkekani, Jumatatu hadi Ijumaa, saa kumi mpaka saa kumi na moja. Huyo Nassibu anaalika watu maarufu, anawavua viatu, anawaketisha kwenye mkeka, kisha wanacheka. Kazi yao ndiyo hiyo. Leo alikuwepo mwimbaji wa singeli anaeleza anavyoogopa kuku. Mtu mzima, ana magari mawili, anaogopa kuku. Na ndege redio wameshaizoea, walikuwa wanakula mpunga wangu huku wanasikiliza.

5 Mei, Jumatatu
Nimekwenda kwa Bi Semeni na matope yangu magotini. Nilianza kwa adabu, maana ni mtu wa rika la mama yangu.

"Bi Semeni, saa kumi ndiyo saa ya ndege."

"Najua, mwanangu. Na ndiyo saa ya Nassibu."

"Nassibu atanivunia mpunga?"

"Na wewe utanichekesha?"

Adabu ikaniishia hapo hapo. Nikamwambia mtu mzima na akili zake hawezi kushinda anasikiliza watu wanaulizana mara ya mwisho umelia lini, na mengine ambayo siyaandiki. Nikamwambia akitaka kunifukuza shamba aseme, asijifiche nyuma ya redio. Akaizima, akasema, "Haya. Imezimwa." Nikarudi dunguni kwangu kichwa juu, nimeshinda kesi.

6 Mei
Saa kumi hakuna redio. Hakuna kelele pia. Wamenuna wote watatu.

7 Mei, Jumatano
Leo ni mbaya kuliko siku zote. Muzdalifa nimemkuta anafunga nguo zake kwenye khanga. Ni bibi arusi wa mwaka jana, msimu wake wa kwanza bondeni, ana mtoto mchanga mgongoni na mume anafanya kazi barabarani huko Ikwiriri. "Da Zuena," kaniambia, "humu mie kutwa nasikia moyo wangu unavyopiga. Saa kumi naingoja tangu alfajiri. Sasa nitangoja nini?" Nikamsihi akae mpaka Ijumaa.

Nikapita kwa Babu Dadi. Alikuwa amelala mchana kweupe, kajifunika shuka mpaka kichwani. Tangu alipofiwa na mkewe hasemi na mtu, na juzi kati wanawe walikuwa wanataka kumtoa huku bondeni wampeleke mjini. Nilipomwamkia aliniuliza kitu kimoja tu. "Redio imeharibika?"

Nimerudi nimekaa na debe langu mapajani. Nilikuwa nasema redio inaninyang'anya majirani. Kumbe ndiyo iliyokuwa imewashikilia hapa. Wakiondoka, nitabaki mie na matete, na Bushiri atakuja na jembe lake.

8 Mei, Alhamisi
Nimemwomba Bi Semeni radhi. Hakuniringia, kanipisha kwenye mkeka wake, kasema, "Kaa usikilize kwanza, ndiyo uje kutukana unachokijua."

Mgeni wa leo alikuwa yule mwigizaji anayeigiza mama mkwe mkorofi kwenye tamthilia. Nassibu kamuuliza nyumbani kwake nani mkorofi, akasema mama mkwe wake wa kweli, ambaye mpaka leo anamsimamia akiosha masufuria na kumwambia, "Hapo bado, nyota." Tulicheka mpaka Bi Semeni akashika mbavu. Kisha Nassibu, hajabadili sauti, kamuuliza, na wewe unalia lini? Kule kwao kuna sharti, mkekani hapakataliwi swali. Yule mama akacheka, akacheka tena, akasema analia akikumbuka jina lake la utotoni, maana waliokuwa wanamwita hivyo wamekwisha wote. Kisha akarudia habari ya masufuria na kicheko kikaendelea.

Nikajikuta nacheka na macho yamelowa, debe langu nimeliacha kwangu. Nilipokumbuka, ndege walikuwa wameshashiba. Sikujua nimlaumu nani.

9 Mei
Mgeni: golikipa. Analala na glavu kabla ya mechi. Muzdalifa kafungua furushi lake.

12 Mei
Mgeni: mchekeshaji. Hakuchekesha. Bi Semeni kasema hata Nassibu mwenyewe ana siku zake.

14 Mei, Jumatano
Tumekubaliana: wimbo ukipigwa au matangazo yakiingia, wote tunasimama tunapiga madebe. Inasaidia nusu. Ndege nao si wajinga, wanangoja mazungumzo yarudi. Mpunga umetia maziwa, na hapo ndipo wanapoupenda.

Nimewaza leo kwa nini tunakipenda kile kipindi, maana sasa nasema tunakipenda, na mie nimo. Hakifundishi kitu. Hakuna dawa ya wadudu wala bei ya mazao. Ni watu wakubwa wanaambizana mambo madogo. Lakini Nassibu anamsikiliza mgeni wake hivi, hamkatizi, hamcheki isipokuwa mwenyewe amecheka kwanza, na yule mtu analainika mpaka anasema kitu cha kweli ambacho hata mbele ya kadhi asingekisema. Mie kwa miaka kumi na moja ya ndoa sikuwahi kuulizwa naogopa nini.

19 Mei, Jumatatu
Nassibu kaaga. Anakwenda Makka, Mungu amkubalie hija yake. Mpaka arudi watakuwa wanarudia vipindi vya zamani. Bi Semeni kaomba dua, kisha kazima redio kwa huzuni.

20 Mei, Jumanne
Walirudia kile cha kuku. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyepiga debe. Muzdalifa alikuwa anamnyonyesha mtoto amenipa mgongo, Babu Dadi kalala. Nilikimbia ng'we hadi ng'we, shamba zima, nikipayuka mpaka sauti ikakatika. Wameila pembe yote ya upande wa matete. Masuke yamebaki meupe, ukiyabonyeza hamna kitu.

Na Twalibu kapiga simu. Atakuja na Bushiri wiki ya baada ya Idi, "aone udongo." Nimekata simu bila kuaga. Nimelia, na naandika kwamba nimelia, kwa sababu hili daftari ni langu.

21 Mei, Jumatano
Leo nimefanya wazimu.

Saa kumi ilipofika Bi Semeni hakuwasha hata hiyo redio. Ndege walishaanza kunyanyuka. Mie sauti yangu ya kufukuza ilikuwa imekauka, nimechoka kusema swii na haa. Nikapanda dunguni, nikaweka mikono mdomoni, nikapayuka maneno ambayo sijui yalitoka wapi. "Karibuni Mkekani. Mgeni wetu wa leo hahitaji kutambulishwa. Ni mkulima maarufu wa dungu la pili, anayetamba Mtunda nzima, Bi Semeni. Vua viatu uketi."

Kisha ikaja sauti yake, "Viatu ninavyo tangu lini?"

Kutoka dungu la mbali kabisa Muzdalifa akauliza, "Kasema nini?" Babu Dadi, ambaye hasemi, akampasia kwa sauti nzito, "Kasema viatu hana."

Nikamuuliza Bi Semeni anaogopa nini. Akajibu kwa sauti ya kuita watu msibani kwamba anaogopa mjusi, na kwamba yeye ndiye aliyemwacha mume wake wa kwanza, si kwa ugomvi, ila nyumba ya mume ilikuwa na mijusi. Muzdalifa, "Kasema nini?" Babu Dadi, "Mijusi. Kamwacha mume kwa mijusi." Muzdalifa akapiga kicheko, mtoto naye akaanza kulia kwa kushtuka, na Babu Dadi akauliza, "Na wa pili je?" Wa pili, kumbe, alikuwa anaota usingizini anapiga hesabu.

Hapo ndipo nilipoliona jambo. Ili usikike dungu la nne lazima upayuke. Kila jibu linasemwa na Bi Semeni, linarudiwa na Babu Dadi, linachekwa na Muzdalifa, kisha mie naongeza swali. Bonde zima lilikuwa linanguruma kuanzia mwanzo hadi mwisho, saa nzima, bila mtu kujua anafanya kazi. Kundi likaja likazunguka juu yetu mara mbili, likazunguka mara ya tatu, likavuka mto.

Hawakutua. Kwangu hakijaliwa kisuke kimoja. Nimehesabu mpaka giza likanizuia.

22 Mei
Mgeni: Muzdalifa. Alipoolewa hakujua kupika wali, akaupika na ganda lake. Hawakutua.

23 Mei
Mgeni: Muzdalifa tena, kasema hajamaliza. Hawakutua.

26 Mei
Mgeni: mie. Bi Semeni ndiye aliyeniuliza. Nimesema naogopa kuambiwa nirudi nilikotoka. Wamecheka kidogo, kisha wakapiga madebe kwa nguvu sana bila kuwepo ndege.

30 Mei, Ijumaa
Mgeni: Babu Dadi. Wiki nzima alikuwa anakataa. Leo kasema haya, leteni hayo maswali yenu ya kitoto.

Nikamuuliza alioaje. Kasema alimwona binti anaamia ndege shamba la jirani, sauti yake kali, akajua huyu nikiwa naye ndege hawatanisumbua. Tukacheka. Nikamuuliza mambo yake ya nyumbani, kasema mkewe alikuwa akimwita kula kwa kupiga kifuniko cha sufuria, hata akiwa amekaa pembeni yake hapo hapo, kwa utani tu, kila siku kwa miaka arobaini. "Sasa chakula kipo," akasema, "hakuna anayenigongea kifuniko."

Ndege walikuwa wananyanyuka kwenye matete. Kutoka mwisho Muzdalifa akaita, "Babu, umesema nini? Sijasikia." Na Babu Dadi akasimama dunguni kwake, akarudia yote mwenyewe tangu mwanzo, kwa sauti kubwa, na alipofika kwenye kifuniko alikuwa anacheka. Bi Semeni akachukua kifuniko chake akakigonga. Muzdalifa akagonga. Nikagonga. Hawakutua.

7 Juni, Jumamosi
Idi. Pilau ya Bi Semeni. Ndege hawana Idi, kwa hiyo na sisi tulifanya Mkekani ya sikukuu. Mpunga umeinama wote.

12 Juni, Alhamisi
Wamekuja, Twalibu na Bushiri. Waliegesha pikipiki juu kwenye kichuguu, wakashuka kwa miguu, saa kumi kasoro.

Bushiri alisimama akautazama mpunga. Twalibu akachuma suke moja, akalipekecha kiganjani, akalipuliza. Punje zote zimejaa. "Umebahatika mwaka huu," kasema. "Tutaona baada ya mavuno."

Nilitaka kumjibu kwa hasira, na hasira ninayo ya kutosha, lakini saa kumi ikawa imefika na ndege wakaanza kunyanyuka. Kutoka dungu la pili Bi Semeni akapayuka, "Zuena, mgeni wa leo nani?"

Nikamtazama kaka yangu. Nikasema kwa sauti yangu yote, "Mgeni wetu wa leo katoka Kibiti mjini. Mfanyabiashara maarufu wa vipuri, Twalibu. Kaka, vua viatu ukae mkekani."

Alidhani nataka kumdhihaki. Bushiri, ambaye kumbe ni mtu wa masihara, akamsukuma bega, "Vua, shemeji, watu wanangoja." Akavua, akapanda dunguni akakaa.

"Kaka Twalibu, ulipokuwa mdogo ulikuwa unaogopa nini?"

Akanywea. Kisha akacheka kidogo, "Vyura."

"Kasema nini?" Muzdalifa.

"Vyura," Babu Dadi akamfikishia. "Mwenye duka anaogopa vyura." Bonde likalipuka. Bushiri kakaa chini kwenye matope kwa kucheka. Twalibu naye akaanza kucheka, kicheko chake cha zamani, ambacho nilikuwa nimekisahau, akaeleza mwenyewe jinsi baba alivyokuwa akimbeba mabegani kuja humu ndani asikanyage vyura.

"Na ulipokuwa ukiletwa kuamia, uliamia?"

"Nilikuwa nalala," kasema, machozi ya kicheko yanamtoka. "Nalala humu humu. Zuena ndiye alikuwa anapiga kelele zake na zangu. Baba akija ananisifia mie."

"Kasema nini?"

"Alikuwa analala. Zuena ndiye aliyekuwa anaamia."

Nikangoja kicheko kiishe. Nilikumbuka jinsi Nassibu asivyobadili sauti, na mie sikuibadili. "Kaka, mpunga huu unaouona leo, kauamia nani?"

"Wewe."

"Na shamba hili ni la nani?"

Akaacha kucheka. Akanitazama, akamtazama Bushiri, akatazama chini kwenye miguu yake isiyo na viatu. Ndege walikuwa wameshafika juu ya pembe ya matete na hakuna aliyepiga debe hata mmoja. Nilijua wanashuka kwangu na sikujali. Babu Dadi ndiye aliyesema, taratibu lakini alisikika, "Mkekani hapakataliwi swali, mwanangu."

"La Zuena," akasema Twalibu.

Kidogo, chini ya pumzi. Mie nilimsikia, na Bushiri alimsikia. Lakini dungu la mwisho lilikuwa mbali.

"Sijasikia," Muzdalifa akaita. "Kasema nini?"

Safari hii Babu Dadi hakumfikishia. Bi Semeni naye kimya. Walimwachia mwenyewe. Na kaka yangu akasimama, akaweka mikono mdomoni kama alivyofundishwa na baba, akapayuka mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, "Shamba ni la Zuena. Ni fungu lake. Baba alilisema, nami nilikuwepo."

Kundi lote lililokuwa linashuka likanyanyuka kwa mpigo mmoja, likapita juu ya vichwa vyetu, likavuka mto. Madebe yakafuata, vifuniko, vigelegele vya Bi Semeni. Bushiri akajipangusa matope akaniambia, "Dada, nisamehe, mie niliambiwa halina mwenyewe." Nikamwambia sasa umemjua.

16 Juni, Jumatatu
Nassibu karudi salama, sasa ni Alhaji. Tumemsikiliza robo saa kwa heshima. Kisha Bi Semeni kazima, kasema leo mgeni wao hamjui, na yeye anataka kumalizia habari ya mume wa pili.

19 Juni
Twalibu kaandika mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Mashahidi, Bi Semeni na Babu Dadi. Jina langu limeandikwa vizuri, nimelisoma mara tatu.

24 Juni
Tumeanza kuvuna. Muzdalifa kaja na kisu chake, mtoto kivulini. Viroba vya mwaka jana nimevipita kabla ya adhuhuri ya siku ya kwanza.

29 Juni, Jumapili
Kuvuna kumekwisha. Leo nimepika wali mpya, harufu imefika mpaka dungu la nne na wote wamekuja bila kuitwa. Babu Dadi kala sahani mbili, kawaambia wanawe waliomfuata kwamba mjini hendi, msimu ujao ana ratiba.

Twalibu naye kaja, kaleta sukari na mafuta ya kula. Alikaa muda mrefu anakunjakunja kofia yake. Mwisho akaniuliza, kwa sauti ambayo hajawahi kuniongelea nayo tangu tuzaliwe, kama nitamruhusu apande choroko kidogo kwenye ile pembe ya matete kabla udongo haujakauka.

Nimemwambia nitafikiria. Nimeshaamua kumkubalia. Ila nitamwambia Ijumaa, na yeye aonje kungoja.